Mshale uko katikati, sawa, lakini injini ya Hilux yako ina joto gani kweli?

Muulize mwenye Hilux yoyote injini yake inakaa joto gani, atakujibu iko poa, mshale wa joto uko katikati. Mbane kidogo, katikati ni ngapi? Hapo ataanza kuikodolea macho dashibodi kama vile hajawahi kuiona, maana pale hakuna namba, kuna C (baridi) chini na H (moto) juu na vimstari tu. Na kuchemsha kwingi kunaanzia hapo wadau, hatujui injini inatakiwa iwe na joto kiasi gani kwahiyo hata ikianza kwenda kombo hatujui, tunakuja kushtuka moshi unatoka kwenye boneti na hapo hesabu ni ya silinda hedi, kile kichwa cha injini.

Nitaongelea Hilux za dizeli maana ndo zimejaa huku kwetu, zile za kizazi cha injini za 3L na 5L, zikaja Vigo za 2KD na 1KD, sasa hivi kuna Revo za 2GD na 1GD. Ila mambo mengi hapa yanafaa hata kwa pikapu nyingine kama Navara au D-Max.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, injini haitaki kuwa baridi. Inataka joto, tena joto jingi, ila la kipimo. Mafuta yanayoungua mle ndani, kwa makadirio ya jumla theluthi moja tu ndo inasukuma gari, theluthi nyingine inatokea eksozi na inayobaki inaingia kwenye chuma na lazima maji yaitoe. Kazi ya mfumo wa kupooza ni kutoa kile kilichozidi tu, basi. Hilux ikiwa na afya maji yake yanacheza kati ya nyuzi 80 na kitu na 90 na kitu za Selsiasi, na kwenye joto hilo ndo kila kitu kinakaa sawa: dizeli inaungua vizuri, oili imekuwa nyepesi ya kutosha kufika kila kona, pistoni zimetanuka zikafika saizi yake, na ule unyevu unaotokana na kuungua kwa mafuta unageuka mvuke na kutoka badala ya kujikusanya kwenye oili. Injini inayoshinda kwenye nyuzi 60 inakula mafuta zaidi, inatengeneza masizi, silinda zinalika haraka, na kwenye hizi za umeme kontroboksi (kompyuta ya injini) inaona bado ni asubuhi haijapata moto kwahiyo inaendelea kuilisha mafuta ya kuamkia. Revo zenye chujio la masizi kwenye eksozi ndo kabisa, halijisafishi vizuri kama injini haifiki joto lake.

Sasa anayesimamia hilo joto ni kadude kadogo sana, themostati, na huyu ndo kiungo anayeonewa kuliko wote kwenye gereji zetu.

Ndani ya themostati kuna nta iliyofungiwa kwenye kichupa cha shaba. Nta ikipata joto inayeyuka na kutanuka, inasukuma kipini, mlango unafunguka maji yanaenda kwenye rejeta. Ikipoa springi inarudisha mlango. Hakuna umeme hakuna kompyuta. Ukiishika utaona imegongwa namba, mara nyingi 76, 82 au 88, hiyo ni nyuzi ambazo mlango unaanza kufunguka. Unaanza, sio umeisha, ile ya 82 inakuja kufunguka yote kwenye 95 hivi. Kwahiyo ukiona injini imetulia kwenye 88 maana yake mlango uko nusu, unapitisha maji kiasi kile kile kinachohitajika, mzigo ukiongezeka unafunguka zaidi, ukishuka mlima unajibana. Hiyo ndo normo temprecha yenyewe, yani joto la kawaida la kazi, sio namba moja iliyoganda, ni mlango unaocheza.

Halafu unakuta gari imechemsha mara moja, fundi anafungua, anatoa themostati anaitupa, anakwambia bosi hii ni ya nchi za baridi, sisi huku joto lipo la kutosha haina kazi. Na ukweli mbaya ni kwamba mara nyingi gari inaonekana kupona! Mshale unashuka unakaa chini ya katikati, mwenye gari anafurahi anamlipa. Kilichotokea ni kwamba maji sasa yanapita kwenye rejeta muda wote hata asubuhi, kwahiyo kama tatizo lilikuwa rejeta iliyoziba nusu, ile nusu iliyobaki inatosha kwa mizunguko ya mjini na tatizo limefichwa. Siku ukipakia gunia za mahindi ukapanda mlima, linatoka mafichoni.

Na kuna kingine ambacho mafundi wengi hawakisemi, sijui hawajui au wanapuuza. Themostati nyingi za Toyota zina sahani mbili, ya juu ndo mlango wa kwenda rejeta, ya chini inaziba njia ya mkato. Injini ikiwa baridi maji yanazunguka kwa hiyo njia ya mkato yanarudi kwenye injini bila kugusa rejeta, ndo maana inapata moto haraka. Injini ikishapata moto, sahani ya juu inafunguka na ile ya chini inashuka kuifunga njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukitoa themostati njia ya mkato inabaki wazi milele, kwahiyo pale mlimani unapohitaji maji yote yakapoozwe, sehemu yake inazunguka tu humo humo ikiwa ya moto. Yani umeitoa ili gari isichemshe na ndo inakufanya uchemshe. Kwenye injini za namna hii kama themostati imekufa na uko porini huna ya kubadilisha, sawa toa ufike nyumbani, ila usiiache hivyo miaka.

Kuipima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, sufuria la maji, jiko, na kipimajoto cha jikoni. Ining'inize kwenye kamba isiguse chini ya sufuria, washa, angalia inaanza kufunguka kwenye ngapi. Ikifika maji yanatokota na bado imefumba, hiyo imekufa. Wakati wa kuirudisha kale katundu kenye kapini kanakochezacheza kakae juu, kako pale kupitishia hewa.

Turudi kwenye mshale sasa, maana nimesema hautoshi na lazima nieleze kwa nini.

Kwenye magari ya zamani sana mshale ulikuwa unafuata joto kweli, unapanda unashuka mpaka watu wakawa wanakimbilia gereji kila wakikuta mlima. Watengenezaji wakaona bora waufundishe kutulia. Magari mengi ya kisasa, maji yakiwa popote kwenye eneo ambalo mtengenezaji kaliona ni salama, mshale unakaa pale pale katikati hautikisiki, na unaanza kupanda pale joto likishavuka lile eneo, na ukianza unapanda haraka. Kwahiyo injini iliyokuwa inakaa 86 mwaka jana na sasa inakaa 99 kwa barabara ile ile mzigo ule ule, kwenye dashibodi zinafanana kabisa. Hizo nyuzi 13 ndo rejeta yako inakwambia inaziba, na mshale umeinyamazisha.

Dawa yake siku hizi ni bei ya chini, kile kidude cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha bluetooth unachomeka chini ya usukani, unaweka programu kwenye simu, unasoma nyuzi zenyewe. Kwa Revo haina shida, Vigo nazo nyingi zinakubali ila nunua kidude cha maana, zile feki za bei ya kutupa zinasumbua. Hizi 3L na 5L pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika haina pa kuchomeka, hapo unafunga geji ya pembeni yenye sensa yake kwenye hozi ya juu. Ukishapata namba, cha muhimu ni kuijua kawaida ya gari yako: tambarare inakaa ngapi, foleni ya mchana AC inawaka ngapi, mlimani na mzigo ngapi. Mimi kwa Hilux ya dizeli mpaka 95 silali macho, mlimani ikigusa 100 kwa muda kisha ikarudi naona inafanya kazi yake, ikipita 105 nashusha mwendo na kuzima AC, ikienda 110 nasimama hata kama ni pabaya.

Na kuna mtego mbaya kuliko huo wa mshale kutulia. Sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakikata ghafla, hozi imepasuka mfano, sensa inabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza usipande kabisa, wakati mwingine unashuka! Dereva anaona C anaendelea kukanyaga na injini inaungua kavu kavu. Dalili itakayokuokoa hapo ni heta, ukiifungua ikatoa upepo wa baridi wakati injini ilikuwa imeshapata moto, ujue maji hayafiki kule, zima hapo hapo. Wengine hufunga kengele ya kiwango cha maji ndani ya rejeta, haigharimu sana na naiona ni ya maana kuliko tairi pana na taa za juu.

Mfuniko wa rejeta nao watu wanauona ni mfuniko tu. Maji pwani yanachemka kwenye 100, ukiwa Iringa mjini kwenye mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari yanachemka kwenye 95 hivi. Sasa injini inayokaa 90 na kitu ingepandaje kule bila kutokota? Ni huo mfuniko. Una springi inayobana presha ndani, umeandikwa 0.9 au 1.1 (kipimo cha presha, bar), na kwa ile 0.9 maji matupu yanapandishwa kiwango cha kuchemka mpaka karibu 118 kwa pwani, ukiweka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu ndo zaidi. Mpira wake ukichakaa presha haishiki, maji yanatokota mapema, unatafuta ubovu kwenye injini nzima kumbe ni mpira. Tena mfuniko una kivalvu kingine cha katikati kinachovuta maji kurudi kutoka chupa ya akiba injini ikipoa. Hicho kikifa chupa inakuwa imejaa vizuri huku rejeta ina upungufu, kwahiyo ile tabia ya kuchungulia chupa tu na kusema maji yapo haikusaidii, fungua rejeta yenyewe asubuhi injini ikiwa baridi. Ukikuta hozi ya juu imejikunyata asubuhi, imejibana kwa ndani, mshuku huyo huyo mfuniko.

Maji yenyewe sasa. Kulanti sio kwa ajili ya theluji tu, hilo la kuzuia kuganda ni kazi yake moja na ni kweli Dar hatuna shida nayo. Kazi nyingine ni kuzuia kutu, kulainisha sili ya wota pampu, kupandisha kiwango cha kuchemka. Ukiendesha maji matupu, hasa haya ya visima vyetu yenye chumvi, unapika kila siku na chumvi inaganda kwenye kuta za ndani kama kwenye birika la chai, na hilo gamba linazuia joto lisitoke kwenye chuma hata kama rejeta ni mpya. Na geji itakuonyesha maji yako sawa maana inapima maji, haipimi chuma. Dizeli zina balaa lake pia, silinda inatikisika kwa mapigo na vipovu vidogo vinapasukia kwenye ukuta wake upande wa maji, vinachimba vitundu polepole, na dawa zilizomo kwenye kulanti ndo kinga.

Kwa Toyota ile ya pinki inakuja imeshachanganywa tayari, unamimina kama ilivyo, na Toyota wenyewe wanasema ya kwanza kutoka kiwandani inafika kilomita 160,000 kisha kila 80,000. Ile nyekundu ya zamani inabadilishwa mapema zaidi na mara nyingi unachanganya mwenyewe, tumia maji yaliyotolewa chumvi. Rangi isikudanganye, kuna viwanda vinapaka rangi ya pinki kwenye kitu kingine kabisa, soma chupa, na usichanganye aina mbili usizozijua, nyingine zikikutana zinatengeneza utelezi unaoziba rejeta. Gari iliyokuwa inatumia maji ya bomba miaka na miaka, isafishwe kwanza mpaka maji yatoke meupe, ila ujiandae, gamba na kutu mara nyingine ndo vilikuwa vinaziba matundu ya rejeta, ukisafisha inaanza kuvuja.

Upande wa hewa nitaenda haraka. Rejeta ya pikapu ya shamba inajaa matope, manyasi na wadudu, na mbele yake kuna kondensa ya AC, uchafu unajificha kati ya hizo mbili huuoni kwa mbele. Ioshwe kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda nje, zile mashine za kuoshea magari zikisogezwa karibu zinalaza mapezi yote na hewa haipiti tena. Lile kava la plastiki linalozunguka feni, ambalo gari ikigongwa mbele watu hawalirudishi, lirudishe, bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya injini badala ya kuvuta kupitia rejeta. Klachi ya feni ina mafuta ya silikoni ndani, hewa inayotoka rejeta ikiwa ya moto inashika feni inavuma kwa nguvu, ikiwa baridi inateleza. Injini ikiwa imezimwa, zungusha kwa mkono, ikizunguka bure bila ukinzani wowote au ukaona mafuta yamevuja katikati, imekwisha. Na usiifunge kwa bolti izunguke moja kwa moja, inakula nguvu na mafuta na kelele zake utachoka nazo.

Tabia ya kuchemsha inakwambia ubovu uko wapi kabla hujamlipa mtu. Inachemsha kwenye foleni ila ukitoka barabara kuu inatulia? Hewa, angalia feni na klachi yake. Inatulia mjini halafu inapanda ukiwa na spidi 100 au mlimani? Maji hayapiti ya kutosha, rejeta imeziba ndani, wota pampu mapanga yamelika, au hozi ya chini inajibana pampu ikivuta. Inapanda dakika chache tu baada ya kuwasha, hozi ya juu ya moto ya chini baridi? Themostati imefumba, au kuna hewa imenasa. Haipati moto kabisa? Imebaki wazi, au mwenzio aliyekuuzia gari aliitoa.

Mlima Kitonga, njia ya Morogoro kwenda Iringa, ni mtihani mzuri wa haya yote. Unatoka Ruaha Mbuyuni chini bondeni ambako mchana joto ni la kuchoma, injini imeshapata moto wa kutosha, halafu ghafla unapanda ukiwa nyuma ya semi inayotambaa, huwezi kulipita. Mwendo mdogo, hakuna upepo wa mbele, mzigo mkubwa, feni peke yake ndo inahangaika. Dereva wengi hapo wanang'ang'ania gia kubwa wakidhani wanaipumzisha injini, kumbe mizunguko ikiwa midogo na mguu umezama, joto linatengenezwa jingi huku pampu na feni vinazunguka taratibu. Shusha gia, iache izunguke mara 2,500 hivi kwa dakika na mguu mwepesi, AC zima, acha nafasi na semi usivute moshi wake wa moto. Bado inapanda? Fungua heta yote na madirisha, utatoka jasho ila heta ni rejeta ndogo ya pili.

Ikishachemsha, kuna mambo mawili tofauti watu wanayachanganya. Kama maji yapo na hakuna kinachovuja, simama, weka nyutro, iache inaunguruma juu kidogo ya sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ili pampu na feni viendelee kutoa joto, ukizima ghafla maji yanasimama na chuma kinayapika. Ila kama kuna mvuke unatoka, maji yanamwagika, au heta imegeuka baridi, zima sekunde hiyo hiyo. Mfuniko usiuguse kabisa, yale maji yako juu ya 100 na presha ndo inayazuia yasigeuke mvuke, ukifungua yanakurukia usoni. Subiri nusu saa na zaidi mpaka hozi ya juu iwe laini ukiibonyeza. Na usimwagie injini maji baridi wala kujaza ya baridi kwa pupa, hedi ya 1KD na 1GD ni alumini, alumini ikishtuliwa inapinda au inapasuka.

Baada ya kuchemsha vibaya chunguza gasketi ya hedi hata kama gari imewaka vizuri. Ikiwa baridi fungua rejeta, washa, angalia vipovu visivyoisha. Hozi ya juu ikiwa ngumu dakika ya kwanza tu, hiyo ni presha ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni moshi mweupe usiokata, maji yanapungua bila kuonekana yanakoenda, au oili imebadilika rangi kuwa ya maziwa. Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinawekwa juu ya mdomo wa rejeta, gesi ya eksozi ikipita inageuka rangi, kijani au njano, fundi mwenye nacho ana thamani. Hedi ikishashushwa lazima ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na ipimwe presha kama imepasuka, fundi anayekwambia tubadilishe gasketi tu turudishe leo leo jioni, hedi atakuja kuishusha tena.

Na kazi ya mwisho ambayo inaharibu matengenezo mengi ni kujaza. Elekeza gari pua juu kidogo, heta fungua kwenye moto, mimina taratibu huku unabonyezabonyeza hozi ya juu hewa itoke, washa mfuniko ukiwa wazi, endelea kuongeza mpaka themostati ifunguke na uone maji yanashuka na kuanza kuzunguka, ongeza tena, funga. Kesho yake asubuhi kabla hujawasha fungua uangalie, karibu kila mara utakuta pameshuka kidogo, jazia, chupa ya akiba iache kati ya alama mbili.